Amri za Linux na Daftari la Rafiki Yangu

Kwa miaka 34 kazi yangu ilikuwa kutoa amri. Simameni. Kaeni. Fungueni vitabu. Wewe wa nyuma, soma kwa sauti. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, na kila mwaka nilipoifikia mada ya hali ya kuamrisha sikuhitaji kutafuta mifano, kwa kuwa ilikuwa ikinitoka kinywani tangu kengele ya asubuhi. Nilipostaafu nilidhani amri zangu zimekwisha. Sikujua kwamba ningeketi tena darasani, mwanafunzi wa pekee, mwalimu akiwa mjukuu wangu, nikijifunza kukiamrisha kifaa kisicho na masikio.

Nawasimulia wapenzi wenzangu wa tungo na lugha kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, ndani yake mna zana ambazo mtunzi anaweza kuzitumia leo hii bila kulipa hata senti. Pili, mna kosa nililolifanya, na sipendi mwingine alirudie.

Chanzo chake ni msiba. Rafiki yangu wa chuo cha ualimu, tuliyelala bweni moja na kusomea mwanga wa chemli moja, alifariki dunia baada ya kuugua kwa miezi mingi. Siku chache baada ya mazishi mjane wake aliniita, akaniwekea mapajani daftari kubwa, lile tunaloliita kaunta buku. Ndani yake mlikuwa na mashairi 62, yote kwa mwandiko wa marehemu. Yale 11 ya mwisho aliyaandika kitandani, na mwandiko wake ulikuwa umeanza kutetemeka.

"Shemeji," aliniambia, "wewe ndiye uliyekuwa ukigombana naye kila siku juu ya mizani. Yachape haya yawe kijitabu. Siku ya kumbukumbu ya mwaka nataka kila mtoto apate nakala yake."

Nilikuwa na kompyuta mpakato kuukuu ambayo hata kuwaka ilikuwa taabu. Mjukuu wangu, anayesomea mambo hayo, aliifuta mfumo wake wa zamani akaiwekea Linux ya aina ya Ubuntu. Jina hilo lilinivuta kabla ya kitu chenyewe. Ubuntu ni neno la lugha za Kinguni, kama Kizulu na Kixhosa, na ni ndugu wa damu wa neno letu "utu". Ubuntu ya kwanza ilitolewa mwaka 2004, mwaka uleule ambao mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Linux yenyewe ni kongwe zaidi: ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Ufini.

Mjukuu angeweza kunionyesha jinsi ya kubofya picha kwenye kioo na yakaishia hapo. Badala yake alifungua dirisha jeusi lisilo na picha hata moja, akasema, "Babu, wewe ni mtu wa maneno. Hapa utaiandikia mashine maneno, nayo itafanya." Dirisha hilo huitwa teminali. Ndani yake palikuwa na alama moja tu iliyokuwa ikipepesa, kama mwanafunzi aliyeshika kalamu akingoja imla.

Amri ya kwanza aliyonifundisha ni ya mtu aliyepotea njia: pwd. Ukiiandika na kubonyeza kitufe cha Enter, mashine hukujibu uko katika folda gani. Ya pili ni ls, ambayo huorodhesha vilivyomo mahali hapo. Ya tatu ni cd, ambayo hukuhamisha kutoka folda moja kwenda nyingine. Ukiandika cd peke yake bila kutaja mahali, inakurudisha nyumbani. Nilipenda kwamba wenye mashine hii nao wana mahali wanapopaita nyumbani.

Zikafuata nyingine. Amri ya mkdir huunda folda mpya. Ya cat humwaga maandishi ya faili mbele yako ili uyasome. Ya cp hunakili. Ya mv huhamisha faili, na pia hulibadilisha jina. Ya rm huondoa. Na ukisahau matumizi ya amri yoyote, andika man, kisha jina la amri hiyo, nawe utafunguliwa kitabu cha mwongozo.

Nilimuuliza kwa nini majina yamekatwakatwa hivyo, kana kwamba aliyeyabuni alikuwa bahili wa herufi. Kumbe bahili ilikuwa mashine. Amri nyingi kati ya hizi zilirithiwa kutoka Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani. Siku hizo mtu alizungumza na kompyuta kupitia mashine za kuchapa juu ya karatasi. Ile iliyoitwa Teletype Model 33 ilichapa herufi 10 tu kwa sekunde. Mwenye kazi nyingi alipunguza herufi kama sisi tunavyokata neno ili lienee ndani ya kipande.

Kilichonifanya nielewe haraka ni sarufi. Tazama amri hii:

cp -r mashairi akiba

Hapa kitenzi ni cp, nakili. Alama ya -r ni chagizo. Inaeleza namna ya kunakili, yaani folda pamoja na vyote vilivyomo. Mashairi ni kinachonakiliwa, akiba ni pale kinapopelekwa. Kiima hakimo, kama kisivyokuwamo katika "soma!" au "kaa!". Nilimwambia mjukuu kwamba hii ni sentensi kamili ya hali ya kuamrisha, isipokuwa haina "tafadhali". Akacheka, akaongeza kwamba lugha hii inatofautisha hata herufi kubwa na ndogo: Mashairi na mashairi ni folda mbili tofauti.

Basi nikaanza kuchapa. Kila shairi nililiweka katika faili lake, na kila nilipopumzika nilicheza na amri. Hapo ndipo nilipogundua kwamba waliozibuni, bila kujua, waliwaachia urithi washairi.

Ukitaka kuhesabu mishororo ya shairi, andika grep -c . kisha jina la faili. Nukta ile husimama mahali pa herufi yoyote, kwa hiyo mistari mitupu inayotenganisha beti haihesabiwi. Shairi la beti tano za tarbia litakujibu 20. Likikujibu 19, kuna mshororo umeuruka. Ukitaka kuona mishororo yote inayoishia na kina cha "ni", andika grep 'ni$' na jina la faili. Alama ya dola humaanisha mwisho wa mstari. Ukiwa na faili la maneno, kila neno katika mstari wake, jaribu hii:

rev maneno.txt | sort | rev

Amri ya rev huligeuza kila neno kinyumenyume, sort huyapanga kwa alfabeti, kisha rev ya pili huyarudisha sawasawa. Matokeo yake ni maneno yaliyopangwa kwa miishio yake: damu, hamu, kalamu, salamu, yote yamepanga mstari mmoja. Ndiyo kamusi ya vina. Ule mstari wima katikati huitwa bomba. Hutoa matokeo ya amri moja na kuyaingiza katika amri inayofuata. Wazo hilo lilikuwa la Doug McIlroy, na liliingizwa katika Unix mwaka 1973. Katika miaka yangu ya ualimu niliwahi kukesha usiku mzima nikitafuta vina vya "mu". Sasa kazi hiyo inakwisha kabla sijainua mkono kutoka kwenye kibodi.

Nilipoyafikia yale mashairi 11 ya mwisho, nilimuuliza mjukuu kama mashine inaweza kuhesabu mizani. Nilikuwa na hofu. Mwandiko ulitetemeka, na niliogopa kwamba na hesabu ilitetemeka. Mjukuu alifikiri kidogo. "Babu, si uliniambia kila silabi ya Kiswahili ina irabu moja? Basi tuhesabu irabu." Akaandika:

head -n 1 shairi.txt | grep -oi '[aeiou]' | wc -l

Amri ya head huchukua mstari wa kwanza, grep huchambua irabu zake na kuziweka moja moja, wc huzihesabu. Tuliijaribu kwa mshororo wangu mwenyewe, "Kalamu nimeishika, karatasi naitaka". Mashine ikajibu 16. Niliruka kwa furaha kama mtoto. Mjukuu akaniandikia programu fupi ya kupita mshororo mmoja baada ya mwingine, ikionyesha kila usiotimiza 16.

Katika mashairi yale 11, mishororo 43 ilijibiwa kwamba ni pungufu.

Sikushangaa, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nilimhurumia. Nilijiambia kwamba homa ilimnyima hesabu, kwamba mtu aliyekuwa akinirudishia mshororo wangu mara tatu kwa ajili ya silabi moja, mwishoni hakuweza tena kuhesabu hata zake. Nikaona ni wajibu wa rafiki kumsitiri. Jioni baada ya jioni nilipita mshororo mmoja hadi mwingine nikiongeza pale palipopungua: hapa "na", pale "hili", kule umoja nikaufanya wingi. Sikumwambia mtu. Nilipomaliza, mashine haikulalamika tena hata mshororo mmoja.

Usiku huo nilitaka kusafisha folda. Kila nilipohariri faili, programu ilikuwa ikiacha nakala ya zamani yenye jina linaloishia na .bak, nazo zilikuwa nyingi kama magugu. Amri ya kuziondoa niliijua: rm *.bak. Nyota ile humaanisha "jina lolote", kwa hiyo amri nzima husema: ondoa kila chenye jina lolote linaloishia na .bak. Lakini mkono wa mzee uligusa kitufe cha nafasi, nami nikaandika:

rm * .bak

Nyota ikabaki peke yake. Amri ikawa: ondoa kila kitu, kisha uondoe na kitu kiitwacho .bak. Mashine ilitii. Haikuniuliza kama nina hakika. Malalamiko yake yalikuwa ya mstari mmoja: kwamba faili liitwalo .bak haikuliona. Niliandika ls. Hapakuwa na kitu.

Nilimpigia simu mjukuu saa nne usiku. Alinisikiliza, kisha akauliza kwa upole, "Babu, uliacha nafasi baada ya nyota?" Nikasema ndiyo. "Huko hakuna kapu la taka, Babu. Kikiondolewa kimeondolewa." Akaniuliza kuhusu ile folda ya akiba. Nilikuwa nimeiunda, na amri ya kunakili nilikuwa nimeikariri. Ila kila siku nilisema nitafanya kesho. Tangu utoto nimesikia kwamba akiba haiozi, lakini akiba isiyowekwa hata kuoza haipati nafasi.

Nilikaa gizani nikikumbuka somo nililokuwa nikiwapa wanafunzi wa kidato cha kwanza juu ya kutenganisha maneno. Niliandika ubaoni "simama", kisha kando yake "si mama", nikawauliza tofauti. Walicheka kila mwaka. Nafasi moja, na amri inageuka kuwa kumkana mzazi. Sasa somo lilikuwa limenirudia mimi, wala hapakuwa na wa kucheka.

Daftari lilikuwapo, Mungu ashukuriwe. Lakini kumbukumbu ilikuwa imebakiza wiki sita, na macho yangu yalikuwa yamechoka. Mke wangu akasema, "Mzee, wewe chapa, mimi nitakusomea." Yeye hakusomea arudhi. Hajui ukwapi wala utao, lakini amekulia katika nyumba za kaswida, na shairi hajui kulisoma bila kuliimba. Kwa hiyo kila jioni aliimba naye kalamu ya marehemu, nami nikachapa nikimfuata.

Tulipofika kwenye mashairi ya mwisho, vidole vyangu vilikuwa vimeshayazoea marekebisho yangu. Aliimba:

Mtu hupimwa kwa neno, si kwa kanzu avaayo

Nami nikachapa "Mtu hupimwa kwa maneno". Ili anionyeshe mahali pa kuendelea, alitazama kioo, akaanza kuimba nilichoandika, akakwama.

"Hapa umezidisha."

"Sijazidisha. Nimetimiza. Ilikuwa 15."

"Mimi sijui 15. Nakwambia haliingii kwenye mahadhi." Akauimba tena kama ulivyo daftarini, ukaingia kama mkono katika kanzu.

Nilinyoosha vidole, kama nilivyowafundisha maelfu ya watoto wa watu. M-tu-hu-pi-mwa-kwa-ne-no. Nane. Si-kwa-ka-nzu-a-va-a-yo. Nane. Jumla 16. Silabi ya kwanza ya neno la kwanza ni "m", konsonanti inayosimama peke yake bila irabu. Mtoto wa kidato cha pili analijua hilo. Mimi niliyelifundisha kwa miaka 34 nilikuwa nimeisahau kwa sababu mashine ilitoa namba, na namba ina sura ya mtu mwenye hakika. Mshororo wa rafiki yangu haukuwa na kasoro. Mimi ndiye niliyeupa mizani 17 nikidhani namsitiri.

Tukairudia mishororo yote 43, mke wangu akiimba, mimi nikihesabu kwa vidole. Hakuna hata mmoja uliopungua. Kila palipoonekana pengo palikuwa na mtu, mke, mtoto, mji, mgonjwa, nchi. Baadaye niliipa mashine mashairi ya ujana wake, jambo ambalo ningelifanya mwanzoni kama ningekuwa na adabu ya kupima kabla ya kuhukumu. Nayo yalikuwa na upungufu wa aina hiyohiyo, ila mara chache zaidi. Ujanani aliandika juu ya bahari, kalamu na ahadi za siasa. Mwishoni aliandika juu ya mkewe, watoto wake, na mji aliouona kupitia dirishani. Homa haikuwa imemnyima hesabu. Ile namba niliyoisoma kama ugonjwa ilikuwa ikiniambia tu kwamba beti zake zilikuwa zimejaa watu.

Nikafikiria yale mafaili yaliyofutika. Kama kidole changu kisingeteleza, kijitabu kingechapwa, watoto wangekipokea, na uongo wangu 43 ungebaki kuwa sauti ya baba yao. Siwezi kuisifu rm, lakini siwezi pia kuilaumu.

Mjukuu, nilipomsimulia, alitaka kurekebisha programu ili ihesabu na "m" iliyotangulia konsonanti. Nikamwandikia neno moja: mbuni. Nikamwambia, ukimaanisha mti wa kahawa, ni m-bu-ni, silabi tatu. Ukimaanisha yule ndege mkubwa asiyeruka, ni mbu-ni, silabi mbili. Herufi ni zilezile. Alitazama kioo kwa muda, kisha akasema, "Basi hapa Bibi ndiye programu."

Sijaacha Linux. Naitumia kila siku, nami nawahimiza wenzangu mjifunze amri hizi kumi au kumi na mbili, hasa ninyi wenye tungo zilizolala katika madaftari. Ila pokeeni maneno matatu ya mzee. Kabla ya kuandika rm yenye nyota, andikeni kwanza ls yenye nyota hiyohiyo, muone ni vitu gani vitakavyoguswa. Andikeni rm -i, nayo itawauliza kabla ya kuondoa kila kimoja. Cp na mv nazo mzipe -i hiyohiyo, kwa kuwa zinaweza kufunika faili la zamani bila kusema neno. Na kila jioni, kabla ya kuzima, nakilini kazi yenu katika flashi. Kuhusu mizani, wacheni mashine ihesabu, kisha imbeni.

Kijitabu kilikuwa tayari siku tatu kabla ya kumbukumbu. Kila mtoto alipata nakala. Shemeji aliishika yake kwa muda mrefu bila kuifungua, kisha akaniuliza, "Uligombana naye tena juu ya mizani?"

"Niligombana naye, shemeji," nikamjibu. "Na safari hii pia alishinda yeye."